Gerishon Maghanga Mwakisha, Mlezi wa Wategaji (1969–2017)

Imesomwa katika ibada ya kumuaga, Mesaimeer, Doha, Ijumaa tarehe 10 Machi 2017

Marehemu Gerishon Maghanga Mwakisha alizaliwa tarehe 14 Agosti 1969 katika kijiji cha Mgange, kwenye milima ya Taita, nchini Kenya. Alikuwa mtoto wa pili wa marehemu Mzee Daniel Mwakisha na Mama Ruth Mkanyika. Mbele yake alitangulia Eunice, ambaye sasa ni marehemu, na nyuma yake akafuata Velma, ambaye ndiye aliyeandika maneno haya na ndiye anayewasomea. Mkisikia mahali sauti imekwama, mvumilieni. Gerishon mwenyewe asingemvumilia. Angemwambia asome taratibu na aache kumeza maneno.

Mama Ruth husema mtoto huyu alichelewa kutembea, akachelewa kusema, na hakuna lililomhangaisha. Alikaa mlangoni akitazama kuku. Majirani walimdhania mzembe, na mmoja alithubutu kusema hivyo mbele ya mama, akajuta. Alipotimiza miaka saba alijua kila kuku wa kijiji hutaga wapi, na hapo ndipo mayai ya yule jirani yalipoanza kupotea.

Masomo ya msingi aliyapata hapo hapo Mgange, akamaliza darasa la saba mwaka wa 1983. Mwaka mmoja kabla ya hapo alitega kanga nyuma ya jiko la shule kwa kitanzi cha kamba ya mkonge. Kanga hawakuja. Aliyekuja ni bata mzinga wa mwalimu mkuu, ndege mwenye maringo aliyewakimbiza hata walimu wa kike. Wenzake walimshauri amfungue akimbie zake, na yeye akimbie zake. Gerishon alimbeba kifuani akiwa mzima, mabawa yakimpiga usoni, akagonga mlango wa mwalimu na kusema, "Mwalimu, huyu amenaswa kwangu. Mguu umechubuka kidogo." Alichapwa viboko vinne, kisha akakabidhiwa dawa ya kumpaka yule ndege mguuni wiki nzima. Mwalimu alimwita Daktari mpaka siku alipomaliza shule.

Mwaka wa 1984 alijiunga na sekondari ya kutwa huko Mwatate. Aliiacha akiwa kidato cha tatu, mwaka wa 1986, Mzee Daniel alipopooza upande mmoja na ikabidi mtu aende mashamba ya mkonge badala yake. Hakulalamika mbele ya watu. Vitabu vyake alivifunga kwenye mfuko wa nailoni akaviweka darini, na miaka michache baadaye akavishusha na kumpa mdogo wake vyote, kila kimoja kikiwa na jina lake limekatwa na la Velma limeandikwa juu yake. Velma ni muuguzi leo hapa Doha kwa sababu ya mfuko ule, na hajawahi kumshukuru ipasavyo. Anamshukuru leo, mbele yenu.

Kutoka mkonge alikwenda mwaka wa 1994 kuwa askari wa hoteli moja ya watalii karibu na Voi. Kazi yake ilikuwa kulinda lango, lakini wanyama wa kule hawapitii langoni. Nyani waliingia jikoni, nyoka waliingia bafuni, na wageni walipopiga kelele aliyeitwa ni Gerishon. Siku moja aliitwa chumba cha kufulia nguo, ambako msichana mmoja alikuwa amesimama juu ya meza na hataki kushuka. "Dada, shuka, nimemtoa," Gerishon alisema. Msichana akajibu, "Nionyeshe kwanza." Akamwonyesha. Msichana akapanda kwenye rafu. Msichana huyo ni Charity Mkambe. Walifunga ndoa takatifu kanisani Mgange, Jumamosi tarehe 7 Desemba 1996, na Mungu akawajalia watoto wawili, Kevin mwaka wa 1998 na Chelsea mwaka wa 2003.

Gerishon alifika Doha tarehe 9 Oktoba 2006, wakati mji ulikuwa ukijiandaa kwa michezo ya Asia na kila kampuni ikitafuta walinzi. Alipewa kitanda cha juu katika chumba cha watu wanane huko Industrial Area, na ghala la kulinda. Mwezi wa tano wa mwaka uliofuata mbweha aliingia kwenye ghala lile. Wenzake walikimbilia fimbo. Yeye aliwatoa nje wote, akamsogeza mnyama kwa ubao mpaka akaingia kwenye sanduku tupu, kisha akalifunika sanduku kwa gunia lililoloweshwa maji. Wategaji wa kampuni ya kudhibiti wanyama walipofika walikuta kazi imeisha. Mkubwa wao, Msudani aliyeitwa Idris, hakumsifu. Aliinua ncha ya gunia, akalishika, akauliza, "Nani alikufundisha kulilowesha?" Gerishon akasema hakufundishwa na mtu, ni joto tu. Kabla mwaka haujaisha alikuwa amehamia kwa Idris.

Wengi wenu mlimfahamu Gerishon kama mwimba besi wa kwaya hii na hamkujua hasa alichokifanya siku za wiki. Alitega. Paka wa mitaani waliojaa kwenye mapipa ya shule, mbwa koko waliozunguka kambi, mbweha waliochimba chini ya kuta za majumba, wote walitegewa vizimba vya waya vyenye chambo, wakakamatwa wakiwa hai na kupelekwa kwa daktari wa mifugo au kurudishwa jangwani. Na katika kampuni ile, mtu hakuruhusiwa kutega kwa sababu tu ana mikono. Mgeni alisoma darasani siku sita na kufanya mtihani. Kisha alikabidhiwa kwa mlezi, na kutembea naye majira mawili kamili, ya baridi na ya joto, kila mtego ukiandikwa kwenye kitabu chake cha mazoezi. Mwisho kabisa mlezi alitia sahihi. Bila sahihi hiyo hupewi gari, hutegi peke yako, na mkataba wako ukiisha unapandishwa ndege.

Kwa Idris alianza kwa kuosha vizimba miezi miwili mizima. Alipouliza lini atatega, Idris alimwambia, "Osha." Sahihi aliipata Oktoba 2008. Idris aliporudi kwao mwaka wa 2010, Gerishon aliwekwa kuwa mlezi mahali pake, na tangu hapo hadi ugonjwa wake alilea wategaji ishirini na watatu, Wakenya, Waganda, Wanepali na Mfilipino mmoja. Walimwita Bwana Kesho. Mtu akimwendea na kitabu akitaka sahihi alijibiwa, "Tuone kesho," na kesho hiyo iliweza kuchukua miezi minne. Kiprop, mmoja wao, ambaye yuko hapa na hawezi kukana, aliwahi kumwambia, "Mzee, hata leseni ya ndege ni rahisi kuliko hii yako." Gerishon akamjibu kwamba ndege haina pumzi.

Ndoa yake miaka hiyo aliilea kwa simu. Kila Ijumaa baada ya ibada alikwenda kusimama kwenye kivuli cha ukuta ule wa nje na kumpigia Charity, na watu walijua wasimkatize. Alikwenda likizo kila baada ya miaka miwili. Charity husema wiki ya kwanza ilikuwa ya kuchekesha, kwa sababu mume aliamka saa kumi alfajiri, akavaa viatu na kuuzunguka ua. "Baba Kevin, hapa hakuna mtego, rudi ulale," alimwambia. Alirudi, akalala macho wazi hadi kulipokucha.

Sasa Velma anafika mahali ambapo ndugu wengine wangependa aparuke. Hataparuka, kwa sababu kaka yake asingeparuka.

Dada yetu Eunice alifariki mwaka wa 2009 akamwacha mwana mmoja, Wayne, ambaye wakati huo alikuwa na miaka kumi na minane. Kabla hajafa alimpigia Gerishon simu. Aliomba jambo moja tu, kwamba mjomba amsimamishe mwanawe kwa miguu yake. Gerishon aliahidi. Ilimchukua miaka kuitimiza ahadi, lakini Januari 2014 Wayne aliteremka uwanja wa ndege wa Doha kwa mkataba wa miaka miwili katika kampuni ile ile, na akapewa kitanda chini ya kile cha mjomba wake. Alikuwa na mikono myepesi. Alishinda mtihani wa darasani kuliko wote. Kuanzia Januari hadi Machi alitega kama aliyezaliwa nayo, na Mei, gari moja lilipobaki bila mtegaji, alikwenda na kitabu chake kwa mlezi akiwa na hakika.

"Bado hujaona joto," Gerishon alimwambia.

"Anko, si joto ni kutokwa jasho tu? Hiyo naiweza."

"Tuone kesho."

Gari likapewa mwingine, na Wayne akanuna. Velma naye alimpigia kaka yake simu kumwambia kwamba huyu si Mnepali wa kuokotwa, huyu ni wa Eunice. Gerishon alisema, "Najua ni wa nani," akakata simu.

Alhamisi tarehe 19 Juni 2014 wawili hao walikuwa na kazi katika jumba moja ambako paka walikuwa wakiingia kwenye mashine za kupozea hewa. Vilibaki vizimba viwili vya kutega. Saa za mazoezi ya kwaya zilikuwa zimefika na Gerishon alikuwa na sehemu yake ya kuimba peke yake Ijumaa ile. Alimwambia Wayne amalizie, na dereva akamshusha yeye Mesaimeer. Mgeni hakupaswa kuachwa atege bila mlezi. Gerishon alilijua hilo kuliko mtu yeyote, lakini alimwamini kijana na alitaka kuwahi kuimba.

Siku ya pili, baada ya ibada, tulikuwa nyumbani kwa Velma huko Fereej Bin Mahmoud tukila pilau. Ilikuwa saa saba mchana. Wayne alimaliza sahani yake akasema kwa utulivu kabisa, "Anko, tukitoka hapa tupitie ile villa. Niliweka vile vizimba viwili jana."

Gerishon aliweka chini kijiko. Alichukua funguo akatoka, na sisi wawili tukamfuata tukiwa na nguo za kanisani.

Kizimba cha kwanza hakikuwa kimefyatuka. Cha pili kilikuwa na paka mmoja wa kijivu, na alikuwa ameshakufa. Juni, katika mji huu, kizimba hukaguliwa kabla jua halijachomoza, na hilo ndilo jambo la kwanza mtegaji wa majira ya joto hufundishwa. Lakini Wayne hakuwa bado na majira ya joto. Miezi yote ya baridi walikuwa wakitega Alhamisi, wanakwenda kanisani Ijumaa, wanakagua baada ya chakula, na mnyama wanamkuta amejikunja amelala. Ndivyo alivyokuwa amefundishwa, na ndivyo alivyofanya.

"Lakini Januari si tulikuwa tunafanya hivi hivi?" Wayne alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto.

"Ndiyo," Gerishon alijibu. "Mimi ndiye nilikufundisha hivyo."

Alifunika kizimba kwa gunia akakibeba mwenyewe mpaka garini. Wayne hakuweza kutazama. Velma aliona na angependa asingeona.

Ofisini siku hiyo ya Ijumaa alikuwepo Faridah peke yake, dada yetu kutoka Uganda, aliyepokea simu na kutunza fomu. Kila mnyama ana fomu yake, na katika fomu kuna mahali pa kuandika hali aliyokutwa nayo. Faridah alipoelewa kilichotokea alifunga mlango. "Banange, Mzee Gerishon, andika alikuwa mgonjwa," alisema. "Paka wa mtaa, nani atampima? Huyu kijana wako ataenda nyumbani."

Wayne alikuwa akilia. "Anko, tafadhali, usiniandike. Sitarudia, haki ya Mungu. Nikirudishwa nitaenda kwa nani? Mama hayuko."

Na Velma, muuguzi, mtu anayejaza fomu za wagonjwa kila siku na anayejua uongo mdogo kwenye fomu huweza kufanya nini, alimwambia kaka yake, "Andika mgonjwa, khalas, twende nyumbani." Analikiri hapa kwa sababu amechoka kulibeba.

Gerishon alichukua kalamu. Kisha akaandika: "Amekufa kwa joto. Mtego ulitegwa na mwanafunzi bila mlezi. Kosa ni la mlezi." Akatia sahihi jina lake lote, Gerishon Maghanga Mwakisha. Wayne aliona sahihi ile aliyoisubiri tangu Mei ikiwekwa chini ya kitu kingine, akatoka nje bila kufunga mlango.

Jumapili mudir, mkuu wa kampuni, alitoa uamuzi. Wayne hakurudishwa Kenya, lakini kitabu chake kilifutwa, aanze tena ukurasa wa kwanza majira ya baridi yakifika, na kwa sasa aoshe vizimba. Mkataba wake ulikuwa unaisha Januari 2016. Majira mawili yalitosha kuingia hapo, lakini hakukuwa na nafasi ya kukosea tena. Gerishon alivuliwa ulezi hadi mwaka mpya, na akaamriwa arudi darasani siku sita pamoja na wageni. Alikuwa na miaka arobaini na minne. Alikaa dawati la mbele na daftari jipya, akaandika kila kitu, hata aina za vizimba, ambavyo alivijua kuliko mwalimu. Vijana walimcheka siku ya kwanza. Siku ya tatu waliacha.

Nyumbani walipopata habari, simu hazikukoma. Watu wazima, wengine wao wamo katika orodha ya jamaa mtakayoisikia, walimwambia amemweka paka mbele ya mwana wa Eunice. Mama Ruth alimwuliza tu, "Ni kweli uliandika?" Akasema ni kweli. Mama akamwambia basi, na hakulizungumza tena. Velma alimnunia kaka yake mwezi mzima, na katika mwezi huo kaka alimpigia kila Jumanne kama kawaida na kuzungumza peke yake.

Wayne alihamia chumba kingine. Wiki saba alipita mbele ya mjomba wake bila salamu. Gerishon alimwambia Velma baadaye kwamba wiki hizo aliamka kila siku akijiuliza kama amevunja neno alilompa Eunice, na kwamba hakuwahi kupata jibu la kumtosha. Alikuwa mtu wa kusali kwa ufupi, lakini mwezi ule alisali kwa urefu.

Tarehe kumi na moja Agosti, saa nne asubuhi, Wayne alikuwa uani akiosha. Alivua glavu ili afungue kilichokwama, akashika waya wa kizimba kilichokuwa kimeanikwa juani, na kiganja kikaungua. Saa nne tu. Alikwenda kufungwa bendeji, na jioni akaja kwenye chumba chake cha zamani akaketi kwenye kitanda kile cha chini, ambacho hakikuwa kimepewa mtu. Wenzao walitoka mmoja mmoja wakisingizia kwenda dukani.

"Anko," alisema, "yule paka. Ilimchukua muda gani?"

Gerishon akasema, "Sijui. Kwa hivyo siwezi kukuambia ilikuwa haraka."

Wayne hakuomba msamaha, wala hakuombwa. Alisema tu, "Januari ukirudishiwa ulezi, mimi nataka wewe." Mlezi mwingine alikuwa ameshamwambia kwamba anaweza kumtilia sahihi mapema, mwezi wa nne, kabla ya joto, na mkataba wake ungekuwa salama. Wayne alimwambia hapana asante, na jambo hilo Velma alilisikia kwa Faridah, si kwa Wayne.

Kwa hiyo mwaka wa 2015 waliutembea wote pamoja. Juni hadi Septemba mjomba na mpwa walikuwa barabarani saa tisa na nusu alfajiri na vizimba vyote vimekaguliwa kabla jua halijachomoza. Siku ya mwisho ya Septemba Wayne hakupeleka kitabu. Aliogopa kuambiwa kesho. Gerishon alimfuata yeye. Alikichukua kitabu chini ya mto, akakisoma kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, midomo ikitembea, kisha akatia sahihi. Wayne aliuliza kama ameona kosa lolote. "Sasa unajua kuogopa," Gerishon alisema, na akampigia Velma simu, akampa Wayne aseme yeye.

Oktoba 2016 Gerishon alianza kulalamika tumbo. Alisema ni chakula cha kambi. Velma aliona macho yamegeuka rangi na akampeleka hospitali siku hiyo hiyo, na baada ya vipimo tukaambiwa ni saratani ya kongosho, na kwamba imeshakwenda mbali. Velma amewapa wagonjwa wengi habari za namna hiyo. Kwa kaka yake alishindwa, na ni yeye Gerishon aliyemsaidia, akimwambia, "Useme tu kama ilivyo, mdogo wangu." Alipewa matibabu mazuri na wauguzi waliompenda. Charity alikuja Januari na hakuondoka kando yake.

Kati ya wale ishirini na watatu, waliobaki mjini walikuja kwa zamu. Kila mmoja alisimama kitandani na kulalamika alivyocheleweshewa sahihi, miezi mingapi, kwa sababu gani, na mgonjwa alicheka hadi muuguzi akawatoa. Kwa Wayne hakuwa na maneno mengi. Alimwuliza leo wametega wapi, Wayne akamwambia, na hayo yakawa mazungumzo yao ya kila siku hadi alipoacha kuuliza.

Gerishon Maghanga Mwakisha aliaga dunia Jumapili tarehe 5 Machi 2017, saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri, hapa Doha, mkono wake ukiwa katika mkono wa Charity. Alikuwa na miaka arobaini na saba. Mwili unaondoka kwa ndege usiku wa leo, na mazishi yatafanyika nyumbani Mgange, Jumanne tarehe 14 Machi, ambako karatasi hii itasomwa tena kwa wale wa nyumbani.

Marehemu ameacha mama yake, Mama Ruth Mkanyika. Mkewe mpendwa, Charity. Watoto wake, Kevin na Chelsea. Dada yake, Velma. Shemeji, wajomba, mashangazi na binamu wengi wa Mgange, Mwatate na Voi. Kwaya yake ya Mesaimeer. Wategaji ishirini na watatu. Na mpwa wake, Wayne.

Wengine wenu mmekuwa mkigeuka kutazama mlangoni, na kiti cha pili kutoka kwa Charity ni kweli hakina mtu. Jana mchana shule moja ya chekechea ilipiga simu kuhusu mbwa, na zamu ilikuwa ya Wayne, akatega. Alfajiri ya leo alikagua, kama inavyotakiwa, na angewahi ibada. Lakini aliyenaswa ni jike, na maziwa yake yamejaa. Kuna watoto wake mahali fulani nyuma ya ukuta wa shule ile na hawajulikani walipo. Kiprop alijitolea kwenda badala yake. Velma alimpigia simu na kumwambia, "Wayne, leo ni mjomba wako. Hakuna atakayekulaumu." Akajibu, "Najua, Anti. Nimetega mimi." Velma alitaka kukasirika na akashindwa, akarudi kitini akamwambia Charity, na Charity akasema, "Mwache." Usiku Wayne ndiye atakayepanda ndege pamoja na mwili.

Kwa hiyo tuombe mambo mawili. Mungu ampe ndugu yetu Gerishon pumziko na amani yake. Na Wayne awapate watoto wale kabla jua halijawa kali.